Gari Lililosimama Katika Mutelemuko

Masomo ya kusoma nyumbani: Kutoka 21, 28–34, Walawi 19, 14, Kumbukumbu la Sheria 22, 8



Leo tutasema juu ya magari. Najua kuna wazee watakaouliza: redio ya kanisa inatafuta nini katika mambo ya mashofere? Wengi wetu hatuna gari, hata pikipiki hatuna. Lakini mvua inanyesha, njia imeharibika, na kamiyo zinalala mbele ya nyumba za watu. Nyingine zinalala katika mutelemuko kabisa, juu ya pahali ambapo mama zetu wanauzisha muhogo na samaki. Kamiyo iko juu, mama na meza yake wako chini, na kati yao kuna jiwe moja tu. Juu ya jiwe lile moja ndipo nataka tuzungumze.

Tuanze na kitu ambacho macho yanatudanganya. Tunaona gari halitembei, tunasema limesimama. Pahali pa sawa ni kweli, limesimama. Katika mutelemuko si kweli. Pale gari limezuiwa tu, na kitu kinacholizuia kikichoka, linaanza safari lenyewe, bila shofere, bila honi, na bila taa.

Chukua kamiyo ya tani 10 pamoja na muzigo wake. Isimamishe pahali ambapo njia inashuka mita 1 kwa kila mita 10. Mulima wa namna ile kwetu si mukubwa. Kijana anaupanda na kinga yake yenye bidoni za mafuta ya ngazi, akisukuma. Lakini pale pale kamiyo inajivuta kwenda chini kwa nguvu inayokaribia tani 1. Na nguvu ile haichoki. Shofere akila, inavuta. Akilala, inavuta. Mvua ikinyesha saa nane za usiku na udongo chini ya jiwe ukalainika, ingali inavuta. Vijana wakipanda juu kushusha mifuko ya mupunga, gari linatikisika, jiwe linasogea kidogo, na nguvu iko pale pale ikingoja.

Ikiponyoka, mita za kwanza inakwenda polepole, kama mutu anayefikiri. Hapo ndipo konvoyeri anakosea. Anaikimbilia, anadhani atarukia mulango na kukanyaga breki. Baada ya mita 50 hakuna tena mutu anayeweza kuifikia. Ndugu konvoyeri, ukiona gari limeanza kuondoka, usitie mwili wako nyuma yake wala jiwe la mukononi chini ya gurudumu linalotembea. Piga kelele. Kelele yako itaondoa watoto chini, na mukono wako utabaki muzima.

Sasa niwapeleke mbali kidogo, Kanada, katika jimbo la Quebec, kwa sababu kule kulitokea jambo ambalo kila mutu anayeacha gari katika mulima anafaa kulijua. Ilikuwa usiku wa tarehe 5 kwenda tarehe 6 Julai 2013. Treni ya mabehewa 72 yaliyojaa petroli isiyosafishwa ilisimama kwa kulala karibu na kijiji kinachoitwa Nantes. Dereva alikuwa peke yake. Njia ya reli pale ilikuwa inashuka mita 1 na santimita 20 tu kwa kila mita 100. Mukisimama pale kwa miguu, mungesema ni pahali pa sawa kabisa.

Dereva alikaza breki za mukono 7. Aliacha pia mutambo mumoja ukiwaka, kwa sababu mutambo ule ulikuwa unapeleka pumzi katika breki nyingine. Akajaribu kama treni imeshikwa vizuri. Ilishikwa. Lakini alijaribu akiwa hajafungua breki za pumzi za mitambo, kwa hiyo hakujua kama zile 7 za mukono pekee zinatosha. Akaenda kulala hotelini. Usiku ule ule mutambo uliwaka moto. Wazima moto wakaja, wakazima moto na kuzima mutambo, wakaenda zao. Hapo pumzi ikaanza kutoka katika breki kidogo kidogo. Kiasi cha saa moja baadaye treni ikaanza kushuka yenyewe katika giza. Ilikwenda zaidi ya kilometa 11, na ilipofika katikati ya muji wa Lac-Mégantic ilikuwa inapita kilometa 100 kwa saa. Ikaanguka, ikalipuka. Watu 47 walikufa, wengine vitandani mwao, wengine wakiwa kinywaji na rafiki zao.

Wataalamu wa serikali ya Kanada walipochunguza waliona kwamba breki za mukono zilizohitajika zilikuwa kati ya 17 na 26. Yeye aliweka 7. Tazama vizuri, ndugu: dereva yule hakuacha treni bila breki. Aliweka, akapima, na kipimo chake kikamwambia ndiyo. Kilichomudanganya ni kwamba vitu viwili vilikuwa vinashika, naye akadhani ni kimoja. Shofere wetu anafanya hivyo kila siku. Muguu wake uko juu ya breki, konvoyeri ametia jiwe, gari limetulia, anasema jiwe limeshika. Jiwe bado halijashika kitu! Ni muguu wake unaoshika. Ondoa muguu polepole, acha gari liegemee jiwe lenyewe, shuka, tazama. Ndipo utajua.

Na hapa niseme neno juu ya breki za pumzi za kamiyo zetu, maana si sawa na zile za treni. Kamiyo nyingi kubwa zina breki ya kusimamia inayofungwa na ressori yenye nguvu. Pumzi ndiyo inayoifungua. Pumzi ikiisha, ressori inafunga magurudumu yenyewe. Ni kitu kizuri sana. Lakini sote tunajua kinachofanyika njiani pumzi inapovuja na safari haijaisha. Fundi anaingia chini ya gari, anakaza bulo ile ya nyuma, ressori inafungiwa ndani, gari linaendelea. Linafika, linapakia tena, linaondoka, na bulo ile haifunguliwi kamwe. Kuanzia siku ile gari halina breki ya kusimamia. Lina ule mukono tu ndani ya kabini, ambao shofere anauvuta kwa desturi, na unalia kama unafanya kazi. Na katika magari madogo ya zamani ni waya umekatika, mwaka mzima.

Sishitaki mashofere peke yao. Shofere amesema, na konvoyeri amesema. Aliyesikia na kunyamaza ni mwenye gari, huko anakokaa, Kindu ao Kasongo ao mbali zaidi. Anaambiwa breki imekufa, anajibu: maliza kwanza safari hii. Sheria ya Musa ilimujua mutu huyu kabla magari hayajakuwapo. Katika Kutoka sura ya 21 kuna habari ya ngombe anayepiga watu pembe. Kama ngombe hakuwa na desturi ile, mwenye ngombe hana kosa. Lakini kama watu walikwisha kumwonya, naye hakumufunga, na ngombe akaua mutu, basi mwenye ngombe mwenyewe anadaiwa damu. Mupaka kati ya bahati mbaya na kosa umewekwa pale pale: je, aliambiwa? Papa mwenye kamiyo, kama shofere wako amekuambia, umekwisha kuambiwa.

Katika sura ile ile, mistari michache mbele, kuna mutu aliyechimba shimo na kuliacha bila kifuniko, na munyama wa mwenzake akaanguka ndani. Analipa. Na katika Kumbukumbu la Sheria, anayejenga nyumba yenye dari la sawa anaambiwa aweke ukingo pembeni, ili mutu asianguke na damu ikawa juu ya nyumba ile. Napenda sana sheria hizi, kwa sababu hazisemi juu ya mutu mubaya. Hakuna mwizi ndani yake wala muchawi. Ni mutu wa kawaida aliyemaliza kazi yake, akaenda kulala, na kitu alichoacha nyuma kikaendelea bila yeye. Shofere aliyelala ndani ya kabini katika mutelemuko ni mutu huyo.

Sasa tuje kwa mawe, maana hapa nilipata neno kutoka kwa wasikilizaji. Mama mumoja alimutuma mutoto wake na karatasi. Anasema hivi, kwa kifupi: kamiyo zinatia mawe chini ya magurudumu, zinapoondoka zinaacha mawe katikati ya njia. Kijana wake ni motari. Alikuwa anarudi usiku akibeba mugonjwa, taa ya moto haionyeshi mbali, mvua ikinyesha. Alikuta jiwe. Mugonjwa alipona, kijana alivunjika mufupa wa muguu, na moto sasa iko ukutani, haileti tena chakula. Mama anauliza: mwenye jiwe ni nani?

Ni swali zuri kuliko mahubiri yangu. Jiwe halina jina. Kamiyo iko mbali Salamabila, shofere hajui kama kuna mutu alianguka, na hatajua kamwe. Lakini lile jiwe halikutoka mulimani kwa miguu yake. Mutu aliliinua kwa mikono miwili, akaliweka pale kwa ajili ya usalama wake mwenyewe, na alipokwisha kusalimika aliwaachia wengine hatari. Walawi sura ya 19 inakataza kumuwekea kipofu kitu cha kumukwaza. Zamani nilidhani ni amri ya ajabu: nani ana roho ngumu ya kumufanyia kipofu mambo yale? Lakini usiku, katika mutelemuko wa matope, na taa ya moto iliyokufa nusu, sisi sote ni vipofu. Na sheria haiulizi kama ulitaka aanguke.

Wengine watasema jiwe likibaki litawasaidia wenye kuja nyuma wakikwama. Ndiyo, kama liko pembeni. Weka kule kwenye majani, mita mbili nje ya njia, na kila mutu atakushukuru.

Basi, ufanye nini ukilazimika kusimama katika mulima? Jambo la kwanza, usisimame. Sichezi. Mara nyingi kuna pahali pa sawa mbele mita 100 ao 200, lakini shofere anasimama pale kwa sababu rafiki yake anauzisha bia pale, ao kwa sababu ndipo abiria alipogonga kabini. Abiria atatembea mita 100, miguu anayo. Kama ni kulala, tafuta pahali pa sawa kabla ya giza. Usilale juu ya masomo, juu ya soko, wala juu ya hospitali ndogo ambapo mama wazazi wako ndani na hawawezi kukimbia.

Ukikosa pahali pengine, tazama kwanza chini. Namna ya kuchagua pahali ni hii: jiulize gari likiponyoka litaishia wapi. Kama jibu ni katika nyumba ya mutu, songa mbele. Kama jibu ni katika ukingo wa udongo, mita moja ao mbili tu, hapo ndipo pazuri. Katika nchi yetu tunapita upande wa kuume, basi simama kuume na ugeuze magurudumu ya mbele kuelekea ukingo ule. Gari likitaka kushuka, litajikwaa katika udongo mara moja, kabla halijapata mbio. Ukielekea chini unageuza kuume. Ukielekea juu, kwa kuwa njia zetu hazina ukingo wa simenti, unageuza vilevile kwa namna ambayo likirudi nyuma litaingia pembeni na si katikati ya njia. Lakini kama pembeni ni korongo ao mufereji uliochimbwa na mvua, usigeuzie gari kule. Kamiyo iliyolala ubavu haisaidii mutu, na kesho yake watu kumi watakuwa chini yake wakijaribu kuiinua.

Jambo hili la kugeuza magurudumu si akili ya kijijini. San Francisco, muji wa Marekani uliojengwa juu ya milima mikali, sheria inalazimisha kila mutu afanye hivyo pahali popote ambapo njia inashuka zaidi ya mita 3 kwa mita 100. Pahali pamoja katika mutaa unaoitwa Filbert, njia inapanda mita 31 na nusu kwa kila mita 100. Watu wanaegesha magari katika miji ya namna ile, na wanalala usingizi, kwa sababu magurudumu yanatazama pembeni. Wale wanaojua Bukavu, kule Kadutu na mitaa mingine ya mulimani, watanielewa. Kule hata mutoto anayeuza karanga anajua jiwe linawekwa upande gani.

Kisha vitesi. Gari likielekea juu, tia vitesi ya kwanza. Likielekea chini, tia ya kurudi nyuma. Hapo mashini yenyewe inakataa kuzungushwa, inasaidia breki. Inasaidia tu, haitoshi. Breki ya mukono, vuta kwanza, ndipo uachie muguu. Kisha jiwe, ao vizuri zaidi kigogo cha muti mugumu kilichochongwa upande mumoja kama kabari. Jiwe la muviringo ni rafiki wa uongo; linazunguka pamoja na gurudumu. Kigogo kinakaa upande wa chini wa gurudumu, kimebanwa kabisa, si santimita kumi mbali na mupira. Weka viwili, kimoja kila upande wa gari, katika magurudumu ya nyuma yanayobeba uzito. Kama mvua inanyesha, toa kwanza matope ya juu hata ufikie udongo mugumu, ndipo uweke. Na usiku ukiamka kwenda haja ndogo, pitia uvitazame. Ni hatua kumi tu.

Kwa konvoyeri anayetembea nyuma ya kamiyo inayopanda kwa shida, akiwa tayari kutupa kigogo: tia kigogo chako mupini murefu, kama wa jembe. Wewe simama pembeni, mupini ufike. Mukono na gurudumu la tani kumi visikutane. Na usitembee nyuma katikati. Tembea ubavuni, upande ambao shofere anakuona katika kioo.

Kuna pia heshima ya njia, ambayo ni upole tu. Kamiyo iliyosimama katika mutelemuko inakula nusu ya njia. Kinga inayoshuka na mizigo haiwezi kuizunguka kwa haraka, maana breki ya kinga ile mara nyingi ni ndala ya muguuni. Simama pembeni kiasi ambacho gari lingine linaweza kupita, na kama haiwezekani, tia majani mabichi njiani, mbali, mita 30 ao 40 juu na chini, ili wanaokuja wajue. Kila mutu katika Kongo anajua lugha ya matawi. Lakini ukiondoka, ondoa na matawi. Wengine wameona matawi ya uongo mara nyingi hata hawayaamini tena. Juu kabisa, pale mulima unapokatika na mwenye kuja hakuoni, usisimame hata dakika tano. Mapatano ya Vienna ya mwaka 1968 juu ya mambo ya barabara, ambayo inchi yetu, iliyoitwa Zaire wakati ule, iliyaingia mwaka 1977, yanasema mambo haya yote mawili: usisimame karibu na kilele ambapo hawakuoni, na usiache gari lako bila kufanya kila linalofaa kuzuia ajali. Kwa hiyo si padri ao katekista anayewasumbua.

Ninyi wenye pikipiki, musifikiri mumesahauliwa. Moto ikisimamishwa ikitazama chini, ikisogea mbele kidogo tu, muguu wake unakunjika na inaanguka, pengine juu ya mutoto aliyekaa chini yake kwa kivuli. Isimamishe ikitazama juu, vitesi ya kwanza ndani, muguu ukiwa wazi kabisa. Udongo ukiwa laini, tia kipande cha ubao ao jiwe bapa chini ya muguu ule. Na usiache mutoto juu ya kiti akikungoja unapoingia dukani. Mumezoea sana jambo hili.

Na ndugu wa kinga. Bidoni 6 za lita 20 ni lita 120, mafuta ya ngazi ya kilo zaidi ya 100, juu ya magurudumu mawili na fimbo moja. Ninyi hamuna mashini, mumechoka, na mulima ndio pahali ambapo mwili unaomba pumziko. Nawaelewa. Lakini pumzikeni juu ama chini, si katikati. Ukilazimika, igeuze kinga ikate njia, magurudumu yasitazame mutelemuko, na uiegemeze kwenye ukingo, si kwenye fimbo peke yake. Mama anayepanda na mutungi kichwani hawezi kuruka kando.

Nimeulizwa na fundi mumoja wa mbao hapa kama kanisa linaweza kununua vigogo na kuvigawa. Nilimujibu tuanze na mambo yaliyo karibu. Kila kamiyo inaweza kuwa na vigogo vyake viwili. Kipande cha muti mugumu si bei. Lakini vigogo vitasahauliwa njiani kama mawe, ndipo fundi yule akanionyesha jambo ambalo nilitaka mulisikie leo. Toboa kigogo, pitisha kamba, ufunge ncha ya pili kwenye chuma cha nyuma cha gari. Shofere akiondoka bila kukitoa, kigogo kinamufuata, kinapiga kelele, watoto wanacheka na kumuita, naye anasimama kukichukua. Kamba ya mita mbili inatosha, na ncha ifungwe kwa fundo la kawaida, ili usiku konvoyeri aweze kulifungua bila taa.